Kinundu kimoja, picha tatu: kisa cha CT scan ya kifua iliyoundwa upya kutoka data ghafi

Kisa kinahusu nini

Kisa hiki kilianzia katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania na kikaishia katika hospitali ya kanda. Majina, mkoa, tarehe na kazi ya mgonjwa vimeondolewa. Umri umekadiriwa, na vipimo vimezungushwa ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa kalamu na karatasi. Nimekiandika kwa ajili ya wateknolojia wa radiolojia wanaokaa mbele ya mashine, na kwa madaktari wanaojaza fomu za maombi wakiamini kwamba picha zinazorudi ndani ya bahasha ndizo kila kitu mashine ilichokiona. Mashine huona zaidi ya hapo. Kinachofika kwenye bahasha kimechaguliwa na mtu, au na mpangilio ambao mtu aliuweka miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeugusa tena.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amevuta sigara kwa miaka mingi, na zamani aliwahi kuugua kifua kikuu akatumia dawa hadi akamaliza dozi. Safari hii alikuja na kikohozi kikavu cha wiki kadhaa, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya kidogo. Hakuwa akikohoa damu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, na vimelea vya kifua kikuu havikuonekana. Eksirei ya kifua ilionyesha doa dogo la duara sehemu ya juu ya pafu la kulia, lenye ukingo unaoonekana vizuri. Daktari akaomba CT scan ya kifua bila dawa ya kung'arisha mishipa.

Mashine ya hospitali ile ina safu 16 za vitambuzi, kila safu ikiwa na upana wa milimita 0.75. Kwa kazi ya kifua ni mashine inayotosha kabisa. Ila mpangilio wake wa kifua ulikuwa unatoa seti mbili tu za picha, zote zikiwa na vipande vya milimita 10: moja laini kwa ajili ya moyo, mishipa na tezi, nyingine kali kwa ajili ya mapafu. Seti hizo huchapwa kwenye filamu na mgonjwa huondoka nazo.

Sababu ya milimita 10 ilikuwa filamu yenyewe. Kifua cha sentimita 32 kikikatwa kwa vipande vya milimita 10 kinatoa picha 32, nazo zinaenea kwenye filamu mbili zenye visanduku 20 kila moja. Kikikatwa kwa milimita 1, kila kipande kikianza milimita 0.8 baada ya kilichotangulia, zinatoka picha 400. Hakuna filamu ya kubeba picha 400. Basi ukubwa wa filamu ukawa ndio unaoamua ni kiasi gani cha pafu daktari atakiona, na mpangilio huo ukaendelea hata baada ya hospitali kupata kompyuta ya kusomea picha.

Yaliyotokea

Kipimo kilifanyika siku ya kwanza bila tatizo. Mgonjwa alishika pumzi vizuri, hakutikisika.

Majibu yalitoka kesho yake. Yalisema kuna kinundu cha milimita 11 sehemu ya juu ya pafu la kulia, kimefifia, ukingo wake haueleweki vizuri, kinaonekana kwenye dirisha la pafu lakini kinapotea kwenye dirisha la nyama (dirisha ni mipaka ya namba zinazoonyeshwa, kutoka nyeusi hadi nyeupe). Namba ya Hounsfield katikati yake, kwenye kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni −1000, ilipimwa karibu −300. Hakuna kalsiamu, ambayo ikikaa katikati ni sura ya kovu la zamani. Kwa kuwa mgonjwa ni mvutaji sigara, saratani haiwezi kuondolewa, na ilishauriwa apelekwe hospitali ya kanda achukuliwe kinyama cha kupimwa maabara.

Familia ilianza kutafuta nauli, fedha za malazi na za kipimo. Hilo lilichukua wiki nzima.

Siku ya tisa mgonjwa alifika kliniki ya kifua ya hospitali ya kanda. Daktari bingwa aliweka filamu kwenye taa, kisha akaning'iniza pembeni ile eksirei ya mwanzo. Jambo moja lilimkera: kwenye eksirei doa lilikuwa na ukingo mkali na weupe wa kutosha, kwenye CT scan lilikuwa kama ukungu. Kipimo kilicho bora zaidi kilikuwa kinaonyesha kitu kile kile kwa udhaifu zaidi. Akasogeza macho kwenye maandishi madogo ya pembeni mwa filamu, akaona unene wa kipande: 10.0. Akapiga simu chumba cha CT scan cha hospitali ya mkoa.

"Kaka, habari za kazi. Huyu mzee mliyempiga kifua wiki iliyopita, data ghafi yake bado ipo kwenye mashine?"

"Shikamoo Dokta. Ngoja niangalie... Ipo. Ila waliopimwa siku mbili kabla yake wameshafutika."

"Marahaba. Basi ifunge kwanza, tutaongea baadaye unitengenezee nini."

Mteknolojia aliifunga data ile hapo hapo, akiwa bado ameshika simu. Mashine nyingi za CT scan hufanya kazi hivi: diski ya data ghafi, yaani vipimo vya mionzi kabla havijajengwa kuwa picha, ikijaa, mashine hufuta kipimo cha zamani zaidi ili kipya kipate nafasi, na hufanya hivyo bila kuuliza. Ukiweka alama ya kufunga, kipimo hicho kinarukwa.

Siku ya kumi picha ziliundwa upya. Seti ya kwanza ilikuwa ya milimita 1 kwa kichujio kikali cha pafu (kichujio ni hesabu inayonoa au kulainisha picha inapojengwa). Kinundu kilibadilika kabisa: ukingo safi, umbo la duara, na katikati yake kitu cheupe sana kilichosoma zaidi ya 500. Kwenye mzunguko wa nje kulikuwa pia na utepe mwembamba mweupe, kama ganda. Kila aliyekuwa chumbani alitaka kuandika "kalsiamu" na kumaliza. Mteknolojia mmoja mwenye uzoefu alisema wasubiri. Aliweka alama ya kupimia kwenye mshipa wa damu wa upana wa milimita 4 hivi, ndani ya pafu lile lile, kwenye picha ile ile. Mshipa ulisoma karibu 150.

Damu isiyo na dawa ya kung'arisha husoma karibu 40. Mshipa uliosoma 150 ulikuwa unasema kwamba namba za picha ile haziaminiki kwenye vitu vidogo.

Wakaunda seti ya pili kutoka data ile ile: milimita 1, kichujio laini, na eneo la picha likapunguzwa kutoka milimita 380 hadi 180 ili pafu la kulia lijaze fremu. Mshipa ukasoma 38. Utepe mweupe wa ukingoni ukatoweka. Kiini cha katikati kikabaki, kikisoma karibu 390. Wakageuza picha na kukitazama kinundu kwa mbele na kwa ubavu pia. Kiini kilikuwa katikati pande zote tatu, kikiwa na upana wa milimita 4 hivi.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudia kipimo. Njia nyepesi kwa daktari wa kanda ingekuwa kuandika ombi jipya la CT scan kwenye hospitali yake mwenyewe. Mgonjwa yupo, mashine ipo. Lakini CT scan ya kawaida ya kifua hutoa takriban milisivati 6 za mionzi, dhidi ya takriban 0.1 kwa eksirei ya kifua. Na mionzi hiyo tayari mgonjwa alikuwa ameshaipata. Vitambuzi vilishapima kwa upana wa milimita 0.75, taarifa ilikuwepo, ila haikuwa imejengwa kuwa picha. Kumpiga tena kungekuwa kumlipisha mara ya pili, kwa mwili wake na kwa mfuko wake, kitu alichokwisha kununua.

Hapa palikuwa na bahati. Hospitali nyingi hupiga kifua kwa kuunganisha vitambuzi viwili viwili ili mashine ikimbie, na hapo upana unakuwa milimita 1.5. Kifua hiki kingekuwa kimepigwa hivyo, milimita 1 isingewezekana tena hata kama data ghafi ipo, kwa sababu huwezi kujenga kipande chembamba kuliko kile vitambuzi vilichopima. Anayeandika mpangilio wa mashine anafunga mlango huo kabla mgonjwa hajalala mezani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutoamini namba hadi kitu kinachojulikana kwenye picha hiyo kisome sawasawa. Nauona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na haukuhitaji kifaa chochote. Mshipa wa damu upo kwenye kila CT scan ya kifua.

Wa tatu ulihusu kelele, yaani ile chengachenga ya picha. Kipande kikipunguzwa kutoka milimita 10 hadi 1, fotoni (chembe za mionzi) zinazokijenga zinapungua mara kumi, na kelele inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha kumi, takriban mara 3.2. Kwenye seti nene kelele ilikuwa karibu 12. Kwenye seti nyembamba ikafika karibu 38. Kuna waliosema picha hizo ni mbaya. Zilikuwa mbaya kwa kutazama, ni kweli. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa kama katikati ya kinundu pana 400 au 40, na tofauti ya 360 haifichwi na kelele ya 38. Kama wangekuwa wanatafuta uvimbe mdogo ndani ya ini, ambapo tofauti inaweza kuwa 20 tu, kelele hiyo ingefunika kila kitu na wangelazimika kutumia vipande vya milimita 3 au 5.

Picha huzaliwa wapi

Ili uchambuzi ueleweke inabidi tuingie ndani ya mashine kidogo.

Bomba la eksirei huzunguka mwili huku vitambuzi vya upande wa pili vikipima ni kiasi gani cha mionzi kimepenya. Katika mzunguko mmoja hupimwa kutoka mielekeo kama 1,000, na kila safu ina vitambuzi kama 700. Kwa safu 16 ni zaidi ya vipimo milioni 10 kwa mzunguko mmoja. Kila kipimo hubadilishwa kwa logi ili kiwe jumla ya ukinzani wote ambao mwale ulikutana nao njiani. Hiyo ndiyo data ghafi. Ukiichungulia huoni pafu wala moyo. Unaona mistari ya mawimbi.

Swali la kihesabu ni kwamba kila mwale unakupa jumla tu, nawe unataka kujua kila nukta ina kiasi gani. Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alionyesha mwaka 1917 kwamba ukiwa na jumla za mistari yote unaweza kukirudisha kitu chenyewe. Hakuwa akifikiria hospitali. Aliyefikiria hospitali alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956, akiwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kusaidia kazi ya fizikia katika hospitali ya Groote Schuur, na hapo akaanza kujiuliza jinsi ya kupata ramani ya ukinzani wa mwili mzima. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na watu wachache sana waliyajali. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, Uingereza, alifika huko kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Napenda wanafunzi wetu wajue kwamba sehemu ya hesabu hii ilianzia kwenye hospitali ya Afrika.

Picha za mashine ile ya kwanza zilikuwa na nukta 80 kwa 80, na kipande kilikuwa na unene wa milimita 13 hivi. Leo nukta ni 512 kwa 512. Lakini anayeunda picha kwa milimita 10 kwenye mashine ya leo, kwa upande wa unene hajatoka mbali na mwaka 1971.

Njia ya kawaida ya kujenga picha ni kurudisha kila kipimo kwenye mstari kilikotoka, kutoka mielekeo yote, hadi vitu vijitokeze pale mistari inapokutana. Ukifanya hivyo bila matayarisho picha inatoka na ukungu. Kwa hiyo kabla ya kurudisha, kila safu ya vipimo hupitishwa kwenye kichujio kinachokuza mabadiliko ya ghafla. Vichujio viko vingi: vikali vya mapafu na mifupa, laini vya nyama. Data inabaki ile ile, kinachobadilika ni sura. Mashine mpya zina njia za kukisia na kusahihisha kwa kurudia, zilizoanza kuenea hospitalini karibu mwaka 2009, na tangu mwaka 2019 zipo pia zinazotumia akili bandia. Hizo hupunguza kelele vizuri. Haziwezi kugawanya kipande cha milimita 10 ambacho kimeshajengwa.

Data ghafi ni unga: unaweza kuupika uji, ugali au chapati, ila ukishasonga ugali huwezi kuurudisha kuwa unga. Kutoka milimita 1 unaweza kupata 10 wakati wowote. Kutoka 10 hupati 1.

Uchambuzi: jinsi kalsiamu ilivyofichika

Hounsfield aliacha kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni −1000. Kila nukta ya picha hubeba namba moja tu, na namba hiyo ni wastani wa kila kitu kilichomo ndani ya unene wa kipande. Tuhesabu.

Kinundu kina kipenyo cha milimita 11. Kiini chake cha kalsiamu kina milimita 4 na thamani ya takriban 400. Nyama inayokizunguka ni 40. Pafu la nje ni −850. Mpaka kati ya vipande viwili ulipita katikati kabisa ya kinundu, kwa hiyo kila kipande kilipata nusu yake. Mstari unaopita katikati ya kinundu, ndani ya kipande kimoja, una milimita 2 za kalsiamu, milimita 3.5 za nyama na milimita 4.5 za pafu. Mara 400, hizo 2 ni 800. Mara 40, hizo 3.5 ni 140. Mara −850, hizo 4.5 ni −3,825. Jumla ni −2,885, na ukigawa kwa 10 unapata karibu −290.

Ndiyo ile −300 ya kwenye majibu. Aliyesoma hakukosea kupima. Kalsiamu ilikuwepo ndani ya namba aliyoipima, imemezwa na hewa ya pafu. Na hapo ni pale katikati. Kadiri unavyokwenda pembeni ya kinundu, sehemu ya pafu ndani ya kipande inaongezeka, ndiyo maana ukingo ulionekana kama ukungu.

Sasa tazama madirisha. Dirisha la nyama kwa kawaida lina upana wa 400 na kitovu cha 40, yaani linaonyesha kuanzia −160 hadi 240; chochote chini ya −160 ni cheusi. Kitu cha −290 hakiwezi kuonekana hapo hata kidogo. Kinundu kikapotea, na msomaji akahitimisha kwamba hakina sehemu ngumu. Dirisha la pafu lina upana wa 1500 na kitovu cha −600, yaani kutoka −1350 hadi 150. Humo −290 inaonekana kijivu. Hata kama kipande kingekuwa chembamba, kwenye dirisha la pafu nyama ya 40 tayari iko karibu na weupe wa mwisho, na kalsiamu ya 400 ni weupe wa mwisho. Jicho haliwezi kuzitenganisha. Daktari aliyeshika filamu hana namna ya kubadilisha dirisha.

Kwa hiyo mambo matatu yalishikana: unene ulizika kalsiamu, dirisha moja likakifuta kinundu, dirisha la pili likakionyesha kwa sura ya kutisha. Kila jambo peke yake ni la kawaida kabisa. Fleischner Society, ambayo mwongozo wake wa vinundu vya mapafu hutumiwa sehemu nyingi duniani, mwaka 2017 ilishauri vinundu visomwe kwenye vipande visivyozidi milimita 1.5. Nadhani sababu yake inaonekana hapa bila kuhitaji maelezo zaidi.

Uchambuzi: mtego wa kichujio kikali

Watu wengi wakisikia kisa hiki huishia kwenye unene. Mimi naona sehemu ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu kosa lake lingeelekea upande wa pili: kumwambia mgonjwa yuko salama wakati hayuko.

Kichujio kikali hukuza mabadiliko ya ghafla, na ukingo wa kinundu ndani ya pafu ni mabadiliko ya ghafla sana, kutoka −850 hadi 40 ndani ya umbali mdogo. Kichujio hupitiliza: upande wa ndani wa ukingo namba inaruka juu kuliko ilivyo kweli, upande wa nje inazama chini zaidi. Kwenye kitu kikubwa mruko huo unabaki ukingoni na katikati panabaki salama. Kwenye kitu cha milimita 4, ukingo wa kulia na wa kushoto hukutana, na kitu kizima kinasoma juu. Hivyo ndivyo damu ya 40 ilivyosoma 150, na ndivyo lilivyotokea ganda jeupe ambalo halikuwepo.

Fikiria kinundu cha saratani cha ukubwa ule ule, kisicho na kalsiamu, kikipimwa kwenye picha kali. Kinaweza kusoma 150 au zaidi na kuonekana na ganda. Mtu mwenye haraka ataandika "kovu la kifua kikuu".

Kichujio laini hukosea kwa kushusha: hutandaza kitu kidogo na kukipunguzia namba. Kwa hiyo kiini kilichosoma 390 hata kwenye kichujio laini, huku mshipa ukisoma 38, hakina njia ya kuwa nyama. Kosa lililobaki linaelekea upande ulio salama. Pafu lisomwe kwenye picha kali kwa sura, na namba ipimwe kwenye picha laini. Zote mbili zinatoka kwenye data moja.

Mahali kalsiamu ilipo nako kulihesabika. Kalsiamu iliyokaa katikati, au iliyojipanga kwa matabaka, au iliyojaza kinundu chote, ni sura ya kovu la maambukizi ya zamani, na kifua kikuu ndicho chanzo kinachotarajiwa kwa mtu aliyewahi kukiugua. Kalsiamu iliyokaa upande mmoja haimtoi mgonjwa kwenye shaka, kwani saratani inaweza kukua na kulimeza kovu la jirani. Ndiyo maana walikitazama kwa pande tatu. Kwenye vipande vya milimita 10, picha iliyogeuzwa kwa mbele hutoka na ngazi ngazi, na neno "katikati" halina maana kwa upande wa juu na chini.

Matokeo

Daktari bingwa wa radiolojia aliandika nyongeza kwenye majibu ya awali, akitaja unene, kichujio na namba alizopima, bila kuyafuta yale ya kwanza. Uchukuaji wa kinyama ulisitishwa. Sindano ya kupita ukutani mwa kifua inaweza kuvujisha hewa na kulifanya pafu linywee, na kumwepusha mtu nayo ni faida kubwa. Kikohozi kilitibiwa kama ugonjwa wa njia za hewa wa wavutaji, na mgonjwa akapewa ushauri wa kuacha sigara. Eksirei ya mwaka mmoja baadaye ilionyesha doa lile lile, halijaongezeka.

Hakuna kinyama kilichopimwa maabara, kwa hiyo utambuzi unasimama juu ya sura ya picha, historia ya mgonjwa na kutobadilika kwa doa. Kwa sura hii, madaktari wa kifua wanakubali kwamba hiyo inatosha.

Kilichosaidia na kilichoangusha

Kilichosaidia zaidi ni daktari aliyekataa kupuuza mgongano kati ya eksirei na CT scan, na kutumia simu badala ya barua. Barua ingefika data ikiwa imefutika. Mteknolojia naye alifunga data kwanza, maswali baadaye.

Kilichoangusha kilianza na mpangilio wa mashine uliopimwa kwa filamu. Kikafuata sentensi "hakuna kalsiamu" iliyoandikwa kutoka vipande ambavyo visingeweza kuionyesha. Ingepaswa kusomeka "kalsiamu haiwezi kutathminiwa kwa unene huu, tunaomba vipande vyembamba", na mteknolojia angeviunda mchana ule ule. Wiki nzima ya familia kuhangaika na fedha ilitokana na sentensi hiyo. Na mgonjwa alitumwa na filamu bila sidii, hivyo hata hospitali ya kanda yenye kompyuta nzuri ya kusomea haikuwa na kitu cha kusoma.

Hospitali ile ya mkoa imebadilisha mpangilio. Kila CT scan ya kifua sasa inaundwa seti mbili za milimita 1, kali na laini, zinazohifadhiwa. Filamu bado inachapwa, lakini kutokana na seti ya tatu iliyonenepeshwa. Waliokuwa na wasiwasi wa nafasi walipigiwa hesabu: picha moja ya nukta 512 kwa 512 ni takriban megabaiti 0.5, picha 400 ni kama megabaiti 210, na seti mbili ni kama 420. Diski ya kawaida ya terabaiti 2 inabeba wagonjwa zaidi ya 4,000 wa namna hiyo.

Wanaobaki nje ya mabadiliko hayo ni wagonjwa wanaofika kanda na filamu za vituo vingine, vya umma na vya binafsi, ambavyo bado vinachapa milimita 10. Kwa ajili yao kliniki ya kifua imebandika ukutani namba za simu za vyumba vya CT scan vya kanda yote, na muuguzi wa mapokezi, kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, anasoma tarehe ya kipimo na unene ulioandikwa pembeni mwa filamu.